Mpapai upelekwe Wawi

Januari 2025 Wakala wa Dawa wa Ulaya ulitoa maoni ya kukikubali kidonge kimoja chenye ivamektini na albendazoli ndani yake, kwa ajili ya minyoo wa tumboni na matende. Habari hiyo imepokewa kwetu Pemba kwa namna mbili, na zote mbili naona zimekwenda kombo. Wapo waliosema kwamba dawa mpya imeshapatikana, basi mazungumzo ya mitishamba yafungwe. Na wapo, nao ni wengi zaidi, waliosema kwamba wakubwa wamekiri wenyewe: vidonge walivyokuwa wakiwamezesha watoto wetu skuli havifai kitu, minyoo wameshakuwa sugu, sasa turudi kwenye mbegu na mizizi ya wazee. Mzazi mmoja wa Konde aliniambia bila kupepesa macho, "Kila mwaka wanameza, na minyoo wapo vile vile. Mimi wangu nishawapa mbegu za papai." Sikumcheka, na sioni sababu ya mtu yeyote kumcheka. Aliyoyaona kwa watoto wake ni ya kweli. Nisichokubaliana nacho ni sababu aliyoitoa.

Msimamo wangu ni huu. Minyoo wanaowasumbua zaidi watoto wa Pemba hawakushindikana kwa sababu wamegeuka sugu. Vidonge tulivyokuwa navyo vilikuwa dhaifu mbele yao tangu siku ya kwanza. Kwa hiyo hoja ya kurudi kwenye mimea kwa kuwa vidonge "vimekufa" imejengwa juu ya msingi usiokuwepo. Lakini hoja ya kuitafuta dawa ndani ya mimea ina msingi mwingine, imara kuliko huo, na kinachonisikitisha ni kwamba sisi wenyewe tuliojaaliwa mimea, wagonjwa na maabara ya Wawi katika kisiwa kimoja ndio tuliochelewa kuushika. Pemba imepima majibu ya watu wengine kwa zaidi ya miaka 20. Wakati umefika ipime na maswali yake.

Tuanze na mnyoo mwenyewe. Katika minyoo watatu wanaoenezwa na udongo, michango ndiyo inayojulikana na kila mama kwa sababu ni mikubwa na mtoto huweza kuitoa ikaonekana kwa macho. Safura hunyonya damu na kumwacha mtoto mweupe wa viganja. Wa tatu ni mnyoo mjeledi, mdogo wa sentimita nne hivi, ambaye huku mbele ni mwembamba na nyuma ni mnene. Huyu hukaa pale utumbo mpana unapoanzia, na ile sehemu yake nyembamba huidarizi ndani ya ngozi ya utumbo, akabaki hapo mwaka mzima au zaidi. Jike mmoja hutaga maelfu ya mayai kwa siku. Mayai hutoka na choo, hupevuka kwenye udongo wenye kivuli na unyevu kwa wiki chache, kisha hurudi mdomoni kupitia vidole, maji au embe lililookotwa chini likaliwa bila kuoshwa. Pemba, pamoja na mvua zake na vivuli vya mikarafuu, ni makazi mazuri mno kwake. Miaka ya 1990, mpango wa dawa za minyoo skuli ulipokuwa unaanza, zaidi ya wanafunzi 9 kati ya 10 waliopimwa kisiwani walikuwa naye.

Sasa tazama vidonge vilifanya nini. Mwaka 2012 jaribio lilifanyika Pemba kwa watoto wa skuli, na matokeo yake yakachapishwa miaka miwili baadaye. Watoto waliopewa dozi moja ya albendazoli peke yake walipona mnyoo mjeledi kwa asilimia 2.6. Waliopewa mebendazoli, asilimia 11.8. Waliopewa albendazoli pamoja na dawa nyingine iitwayo oxanteli pamoati, asilimia 31.2. Msomaji asiruke namba hizi. Dawa ambayo ni nguzo ya mipango ya minyoo duniani kote iliwaponya watoto wasiofika watatu katika mia. Jaribio jingine, lililofanyika kwa pamoja Pemba, Laos na Côte d'Ivoire na kuchapishwa mwaka 2022, lilionyesha kwamba albendazoli peke yake iliponya asilimia 6 Pemba, na ilipounganishwa na ivamektini ikapanda hadi asilimia 49. Mchanganyiko huo ndio uliomo kwenye kidonge kilichokubaliwa Ulaya. Nasi si wageni wake: Zanzibar iligawa dawa hizo mbili pamoja kwa wananchi wote kuanzia mwaka 2001 katika vita dhidi ya matende, tukawa miongoni mwa wa mwanzo Afrika kuifikia nchi nzima.

Mtu ataniuliza: kama asilimia 2.6 si usugu, usugu ni nini? Usugu hutokea pale dawa iliyokuwa ikiua inapoacha kuua, kwa sababu wadudu wachache waliokuwa na mabadiliko ndani ya mwili wao walinusurika, wakazaa, na kizazi chao kikatawala. Ili tuseme hivyo lazima tuwe na kumbukumbu ya zamani ya kulinganisha. Kwa mnyoo mjeledi na dozi moja ya albendazoli, kumbukumbu hiyo haina enzi njema: tangu dawa ilipoanza kutumika ilijulikana kwamba haimpati sawasawa. Kwa safura hadithi ni tofauti, na uaminifu unanitaka niitaje. Mwaka 2003 watafiti waliofanya kazi Pemba waliripoti kwamba mebendazoli, baada ya kugawiwa skuli kwa miaka mfululizo tangu 1994, ilikuwa ikipunguza safura kwa kiwango cha chini kuliko kilichopimwa kabla ya mpango kuanza. Ile ilikuwa kengele ya kweli, na wafugaji wa kondoo na mbuzi duniani wanajua kengele hiyo huishia wapi, kwani kwa mifugo dawa za jamii hiyo zimeshapoteza makali katika nchi nyingi. Kwa hiyo sisemi kwamba usugu ni hekaya. Nasema tusilitaje jina lake kila mahali, kwa sababu tiba ya dawa dhaifu na tiba ya mdudu sugu si moja. Dawa dhaifu unaiongezea mwenziwe au unaibadilisha. Mdudu sugu unamlinda asienee, na dawa iliyobaki unaichunga.

Tena kuna jambo la tatu linalochanganywa na usugu: mtoto aliyepona Jumatatu akarudi kwenye udongo ule ule Jumanne. Anapopimwa miezi sita baadaye ana minyoo, lakini ni wapya. Kichocho kinatufundisha hivyo hivyo. Watu wa vijiji vyenye vijito na mabwawa wamemezeshwa prazikwanteli raundi nyingi, kichocho kimepungua mno Unguja na Pemba, lakini penye konokono na watoto wanaoogelea hurudi. Hapo hakuna mtishamba wala kidonge kitakachofanya kazi ya choo na bomba.

Nikishasema hayo, watu wa upande wa pili huanza kutabasamu, wale wanaoamini kwamba mitishamba ni mabaki ya ujinga. Na wao nawaomba wasikilize. Mwaka 2015 Tuzo ya Nobel ya tiba ilikwenda kwa watu watatu, na wote watatu walipewa kwa dawa za vimelea zilizotoka kwenye viumbe hai. Satoshi Ōmura na William Campbell walipewa kwa ajili ya ivamektini, ambayo asili yake ni bakteria waliochukuliwa kwenye udongo wa Japani. Tu Youyou wa China alipewa kwa ajili ya artemisinini, dawa ya malaria inayotoka kwenye mmea wa pakanga. Kwinini kabla yake ilitoka kwenye magome ya mti wa Amerika Kusini. Hata dawa inayotia matumaini makubwa zaidi leo dhidi ya mnyoo mjeledi, emodepsaidi, imetengenezwa kutokana na kuvu aliyepatikana kwenye majani ya mkamelia nchini Japani. Ilitumika kwanza kwa paka na mbwa. Kisha ikajaribiwa kwa binadamu, na jaribio lililochapishwa mwaka 2023 lilifanyika wapi? Hapa hapa Pemba. Dozi ndogo ya miligramu 5 iliponya asilimia 85 ya waliokuwa na mnyoo mjeledi, dozi ya miligramu 30 ikawaponya wote, ilhali albendazoli ilibaki kwenye asilimia 17. Si kila dawa nzuri imetoka porini. Albendazoli na prazikwanteli zilibuniwa na wanakemia. Lakini kusema kwamba viumbe vya asili havina la kutufundisha juu ya vimelea ni kukataa nusu ya historia ya dawa tunazozimeza.

Hata hivyo, namna Tu Youyou alivyofika pale ndiyo inayotakiwa isomwe polepole na kila anayetaka kuuza chupa ya mtishamba. Kikundi chake kilikusanya maelfu ya mapishi ya dawa za kale, kikajaribu zaidi ya dondoo 380 kutoka mimea ipatayo 200. Pakanga ilionyesha dalili nzuri, kisha ilipojaribiwa tena ikafeli. Akarudi kwenye maandishi ya tabibu Ge Hong wa karne ya 4, akakuta kwamba mgonjwa aliambiwa aloweke majani kwenye maji, ayakamue, anywe. Hakuna mahali palipotajwa moto. Ndipo akahisi kwamba kuchemsha kulikuwa kunaiharibu dawa, akatumia etha, kimiminika kinachochemka kwa joto dogo, na mwaka 1971 akapata dondoo iliyoua vimelea wote wa malaria katika panya. Mwaka uliofuata yeye na wenziwe waliinywa wenyewe kwanza kuhakikisha haina madhara. Maandishi ya kale yalimpa mwelekeo, na bila maandishi yale huenda asingefika. Lakini maandishi yale yalikuwepo kwa zaidi ya miaka 1,500, na malaria iliendelea kuua watu muda wote huo. Kilichoongezeka ni mtu aliyekubali kufeli, akarudia, akapima, akaandika.

Sisi wa Zanzibar tunajua thamani ya kazi ile kuliko wengi. Klorokwini ilipozidiwa kabisa na malaria visiwani, Zanzibar ilihamia dawa mseto yenye artesuneti, inayotokana na artemisinini, mwaka 2003, miaka mitatu kabla ya Bara, na pamoja na vyandarua wodi za watoto zikabadilika sura ndani ya muda mfupi. Wanaosema mimea haitibu wanakumbuka wodi zile? Na wanaosema maabara haina faida kwa mmea wanakumbuka kwamba pakanga haikuja kwetu kwenye birika, ilikuja ikiwa imepimwa kwa miligramu na kufungwa na dawa ya pili ya kuilinda?

Basi tufike kwenye papai la yule mzazi wa Konde, kwa sababu hakulitoa hewani. Kila muuza mishkaki anajua kwamba nyama ngumu ukiipaka papai bichi lililosagwa na kuiacha kwa muda, inalainika kabla haijafika kwenye jiko. Kinacholainisha ni vimeng'enya vilivyomo kwenye utomvu mweupe wa papai, papaini na wenzake, vinavyokata protini. Ngozi ya nje ya mnyoo nayo imejengwa kwa protini. Watafiti wa Uingereza walionyesha katika miaka ya 2000 kwamba vimeng'enya hivi huishambulia ngozi ya minyoo jamaa wa mjeledi wanaoishi kwa panya, na panya waliopewa walibaki na minyoo wachache zaidi. Albendazoli haifanyi kazi kwa njia hiyo. Yenyewe huingia ndani ya seli za mnyoo na kuvuruga nyuzi zinazozishikilia. Ivamektini na emodepsaidi hulegeza misuli na neva. Kwa hiyo mnyoo aliyejifunza kuikwepa mojawapo ya dawa hizi hajajifunza kuikwepa papaini. Kwa mtu anayehofia usugu wa kesho, hii ndiyo sababu ya maana ya kuupenda mpapai.

Mbegu nazo zina kemikali yake tofauti na utomvu, na zimejaribiwa kwa binadamu. Nigeria, mwaka 2007, watoto 60 wenye vimelea vya tumbo waligawanywa: nusu wakapewa mbegu kavu za papai kwenye asali, nusu asali tupu. Baada ya wiki moja 23 kati ya 30 wa kundi la kwanza walionekana safi, na 5 kati ya 30 wa kundi la pili. Kenya, uji uliotiwa unga wa mbegu za papai ulijaribiwa skuli, na mayai ya michango yakapungua kwa zaidi ya nusu, ingawa kidonge kilifanya vizuri zaidi. Haya ni majaribio madogo, ya muda mfupi, na hakuna hata moja lililoutazama mnyoo mjeledi wa Pemba kwa makini anayostahili. Yanatosha kumfanya mtu mwenye akili aulize. Hayatoshi kumfanya aache kidonge.

Watetezi wa mitishamba wana hoja nzito, nami naziheshimu. Mpapai uko kila ua. Hausubiri meli wala msaada wa kampuni ya nje inayoweza kubadili mawazo. Ujuzi wa matabibu wetu umekusanywa kwa vizazi, na katika kisiwa chenye madaktari wachache tabibu ndiye wa kwanza kumsikiliza mgonjwa. Lakini hoja wanayoitumia zaidi ndiyo iliyo nyonge kuliko zote: "Nimewapa watoto wangu, wamepona." Katika lile jaribio la emodepsaidi, waliopewa kidonge kisicho na dawa ndani, asilimia 10 walihesabiwa wamepona mnyoo mjeledi. Hawakumeza dawa yoyote. Mayai hayatoki kwa wingi ule ule kila siku, na kipande kidogo cha choo kinachopimwa huweza kukosa mayai ya minyoo waliopo. Ikiwa mtu mmoja katika kumi "hupona" kwa kutopewa chochote, basi tabibu mwenye wagonjwa mia ana mashahidi kumi waaminifu wa dawa isiyofanya kazi, na kila mmoja ataapa. Hao si waongo. Ndiyo maana ushuhuda, hata wa mtu mkweli kabisa, hautoshi.

Na kuna madai mawili yanayorudiwa na yanayotakiwa kukataliwa waziwazi kwa sababu yanaumiza watu. La kwanza, kwamba kitu cha asili hakidhuru. Mwanzoni mwa karne ya 20 dawa kuu ya safura katika nchi nyingi ilikuwa mafuta ya mmea wa chenopodiamu. Yaliua minyoo kweli, na yaliua watu pia, kwa sababu tofauti kati ya dozi inayotibu na inayoua ilikuwa nyembamba mno. Yakaachwa pale dawa salama zilipopatikana. Mafuta ya mbegu za mwarobaini, mti tunaouheshimu sana, yamewahi kuwadhuru ubongo watoto wachanga waliopewa huko Malaysia. Utomvu wa papai bichi wenyewe wanawake wa pwani hukatazwa wakiwa na mimba, na kauli ile ya mabibi ina maana, kwani utafiti kwa panya unaonyesha utomvu huo hukaza misuli ya mfuko wa uzazi. La pili, kwamba vimelea hawawezi kuwa sugu kwa mimea. Kwinini ni ya mmea, na taarifa za malaria kuikwepa zilianza Brazil karibu mwaka 1910. Artemisinini ni ya mmea, na leo vimelea vinavyochelewa kufa kwa dawa hiyo vimeshathibitishwa Rwanda, Uganda na katika mkoa wa Kagera. Mkulima wa Karagwe anaweza kupanda basi leo na keshokutwa akashuka bandarini Unguja. Anayewauzia watu chai ya pakanga yenye dawa kidogo, isiyojulikana kiasi, anawapa vimelea mazoezi. Shirika la Afya Duniani lilitamka mwaka 2019 kwamba haliungi mkono matumizi ya namna hiyo, na makala ya jaribio kubwa la Kongo lililotumiwa sana kuitetea chai hiyo dhidi ya kichocho iliondolewa baadaye na jarida lililoichapisha.

Upande wa pili, hoja ya madaktari wengi ni kwamba hatuna haja: ivamektini na albendazoli ziko, emodepsaidi inakuja, kwa nini tupoteze fedha kwa papai? Hoja hii ina uzito, lakini inasahau mambo mawili. Asilimia 49 maana yake ni nusu ya watoto hawakupona. Na katika jaribio lile lile la nchi tatu, mchanganyiko uliofanya vizuri Laos na Pemba uliponya asilimia 14 tu Côte d'Ivoire, karibu sawa na albendazoli peke yake. Baadaye ikabainika kwamba minyoo wa kule ni wa spishi tofauti iliyokuwa haijatambuliwa. Kinachofanya kazi kisiwa hiki huenda kisifanye kazi ng'ambo, na dawa mbili tatu ni akiba ndogo mno kwa ugonjwa unaogusa zaidi ya watu bilioni moja duniani ukiwajumlisha minyoo wote watatu. Mwenye akiba ndogo hafungi mlango wa ghala.

Sababu halisi ya mpapai kutopimwa ni fedha, si sayansi. Hakuna kampuni itakayotoa mamilioni ya dola kuthibitisha mbegu ambayo kila mtu anazitupa jikoni, kwa sababu ikishathibitika haiwezi kuimiliki. Dawa ya paka na mbwa ilipata mfadhili kwa kuwa tayari ilikuwa bidhaa. Papai halina mwenyewe, na kitu kisicho na mwenyewe hupimwa na serikali au hakipimwi. Hapa ndipo ninapowalaumu watunga sera wetu. Tunalo Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala linalosajili matabibu. Tunayo Taasisi ya Utafiti wa Afya. Baraza la Afya Duniani lilipitisha Mei 2025 mkakati wa tiba asili wa 2025 hadi 2034 unaosisitiza ushahidi. Makongamano ya tiba asili yanafanyika, mabanda yanapambwa, chupa zinauzwa. Kipimo hakuna. Kumsajili tabibu bila kuipima dawa yake ni kumpa mgonjwa uhakika juu ya mtu na kumwacha gizani juu ya kile anachokinywa.

Na kipimo tunacho. Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri iliyoko Wawi, Chake Chake, imefanya kazi tangu mwaka 2000, na watu wake wameyabeba majaribio niliyoyataja hapo juu mikononi mwao. Wasioijua kazi ile waijue: mtoto hupewa kikopo jioni, asubuhi hukirudisha skuli kikiwa na choo, fundi huchuja sehemu yake kwenye wavu mwembamba, hujaza kitundu kinachobeba miligramu 41.7 hasa, hufunika kwa kipande cha selofeni kilicholowa gliserini, kisha hukaa kwenye darubini na kuhesabu mayai moja moja. Yai la mjeledi lina vizibo viwili, kimoja kila ncha, halichanganyiki na jingine. La safura lina ganda jepesi na hutoweka machoni likichelewa, kwa hiyo slaidi lazima isomwe ndani ya saa moja hivi. Ujuzi huu si wa kusomea siku mbili. Mafundi wa Wawi wanao, dunia nzima ya watafiti wa minyoo inawategemea, na sijasikia kwamba wamewahi kuombwa na nchi yao wenyewe waupime mti ulioko nje ya dirisha lao.

Jaribio ninalolitaka si la ajabu. Kwanza wataalamu wa dawa watengeneze maandalizi ya papai yanayopimika, yenye kiwango kile kile cha kimeng'enya kila mara, bila kuchemshwa, maana moto huviua vimeng'enya hivi kama ulivyoiharibu pakanga ya Tu Youyou, na yenye namna ya kukingwa yasiharibiwe na asidi ya tumbo kabla ya kufika anapokaa mjeledi. Pili, usalama upimwe kwa watu wazima waliokubali, wakitolewa wajawazito. Tatu, watoto wagawanywe kwa kura: wote wapewe ivamektini na albendazoli, nusu waongezewe papai, nusu waongezewe kitu kinachofanana nalo kisicho na dawa. Hakuna mtoto atakayenyimwa dawa iliyopo kwa ajili ya udadisi wetu. Mayai yahesabiwe kabla na baada ya wiki mbili hadi tatu, na anayesoma slaidi asijue ni ya kundi gani. Matokeo yachapishwe yawe mazuri au mabaya. Nasisitiza mabaya, kwa kuwa papai likifeli, yule mzazi wa Konde ana haki ya kuambiwa hivyo kwa namba, kwa Kiswahili, katika skuli ya mwanawe.

Kabla hata ya jaribio la kwanza, litangulie suala la matabibu. Wana majina ya mimea ambayo hayamo katika jarida lolote, na wengi wamenyamaza kwa sababu nzuri: wanaogopa kutaja leo na kesho kuiona dawa yao imeandikwa jina la mtu mwingine. Kwa hiyo makubaliano ya maandishi yatangulie, yakieleza nani ametoa ujuzi, nani atamiliki matokeo, na mapato yakija yatagawanywaje, huku sheha na watu wa kijiji wakishuhudia. Itifaki ya Nagoya ya 2010, makubaliano ya kimataifa, ilitungwa kwa ajili ya haki za namna hii. Tabibu naye akubali sharti lake: dawa yake ikipimwa ikakutwa imechanganywa vidonge vya hospitali vilivyosagwa, au haishindi kidonge kisicho na dawa, aiondoe sokoni.

Wizara ya Afya ndiyo yenye uwezo wa kulianzisha jambo hili katika bajeti ijayo, hata kwa kiasi kidogo cha kuanza na maandalizi ya kimaabara na watu wazima. Wakati huo vidonge vya skuli viendelee kumezwa, kwa maana hata albendazoli inayoponya wachache hupunguza mayai ya mjeledi karibu nusu na huimudu michango vizuri sana, na kidonge kipya cha mchanganyiko kiombewe Pemba mapema kabla ya foleni haijawa ndefu. Mzazi anayetaka kuongeza mbegu za papai juu ya kidonge, si badala yake, amwambie mhudumu wa afya, na mhudumu aandike kwenye daftari badala ya kumkaripia. Madaftari hayo, yakikusanywa kutoka Micheweni hadi Mkoani, yatawaambia watafiti wa Wawi ni mimea gani watu wanaitumia hasa, kwa kiasi gani, na ni upi wa kuanza nao baada ya papai.